Nani Mwenye Neno Juu ya Barabara?

Ni imani ya wengi, hasa watungaji wa mitihani, kwamba isimu ni taaluma ya ngeli na vitenzi tu, na kwamba mwalimu wa lugha anayezungumzia nambari za barabara amevuka mpaka na kuingia shamba la wahandisi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliwahi kuniuliza, tena kwa adabu zote, ni lipi linalompeleka mwalimu wa Kiswahili kwenye ramani ya barabara za Marekani. Nilimjibu kwamba nambari ya barabara ni neno sawa na maneno mengine. Ina umbo, ina maana, ina historia, na ina watu wanaoitumia vilivyo na wengine wanaoiboronga. Isitoshe, ni neno linalotungwa na kamati na kupitishwa na bunge, jambo ambalo ni nadra kwa maneno ya kawaida. Kwa sababu hiyo hutupa fursa ya kulitazama kwa karibu swali ambalo sisi tunaofundisha Kiswahili tumelijadili miongo mingi bila suluhu: mwenye kauli ya mwisho juu ya neno ni nani, aliyelitunga au anayelisema?

Mfano wangu ni jimbo la California, magharibi mwa Marekani. Jimbo hilo lina eneo la kilomita za mraba 424,000 hivi, yaani karibu robo tatu ya Kenya, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu milioni 39.5. Barabara zilizo chini ya idara ya uchukuzi ya jimbo, iitwayo Caltrans, zina urefu wa takriban kilomita 24,000. Lakini si ukubwa uliovutia macho yangu. Kilichonivutia ni kwamba mifumo mitatu ya nambari, iliyotungwa na mabaraza tofauti katika nyakati tofauti, imekutanishwa huko juu ya ardhi moja kama lahaja zinavyokutana mjini.

Mfumo wa kwanza ni wa mwaka 1926. Kabla ya hapo barabara ndefu za Marekani zilikuwa na majina tu, mengi yakiwa yamebuniwa na vyama vya wafanyabiashara na vya wapenda magari, kila chama kikiipigia debe njia yake na kupaka rangi zake kwenye nguzo za kando ya barabara. Mgeni angeweza kukuta rangi za vyama viwili zikigombana juu ya nguzo moja asijue afuate ipi. Novemba mwaka huo maafisa wa barabara wa majimbo wakaafikiana. Barabara ziendazo kaskazini na kusini zipewe nambari witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea. Ziendazo mashariki na magharibi zipewe shufwa, yaani 2, 4, 6. Nambari ndogo zianzie mashariki na kaskazini. Ndiyo maana barabara ya 1 iko pwani ya Atlantiki, na ya 101 iko upande wa Pasifiki, huko California. Kwa kweli 101 ina tarakimu tatu, ilhali barabara kubwa zilitakiwa kuwa na moja au mbili. Watungaji wakaamua kuihesabu 10 hiyo ya mwanzo kama tarakimu moja! Mwanasarufi yeyote atatabasamu hapa: wino wa kanuni haujakauka, na tayari kanuni ina kighairi chake.

Mfumo wa pili ni wa jimbo lenyewe. Nambari za barabara zilikuwamo katika sheria za California tangu miaka ya 1910, lakini zilikuwa nambari za vitabuni, hazikuandikwa popote barabarani. Mwaka 1934 ndipo vibao vya jimbo vilipoanza kusimikwa, vikiwa na umbo la sepetu la mchimba dhahabu. Watungaji wa mfumo huo walifuata witiri na shufwa, kisha wakaongeza kanuni ya ndani ambayo kila ninapoieleza darasani wanafunzi hudhani natania. Chukua nambari uigawanye kwa 4. Ikibaki 1 au isibaki kitu, barabara hiyo ni ya kaskazini au ya katikati mwa jimbo. Ikibaki 2 au 3, ni ya kusini. Barabara ya 18 na ya 39 ziko kusini; ya 49 iko kaskazini; hesabu inatimia.

Ni kanuni maridadi, lakini ni dereva gani angesimama njiani apige hesabu ya kugawanya ili ajue yuko upande gani wa jimbo? Haikumfaa mtu yeyote nje ya ofisi iliyoitunga. Baadaye 57 ikapelekwa kusini ingawa ikigawanywa hubaki 1, na 87 ikapelekwa San Jose, kaskazini, ingawa hubaki 3. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna kanuni iliyovunjwa. Tunazo kanuni za namna hii hata katika vitabu vyetu vya sarufi, zinazokaririwa kwa ajili ya mtihani na ambazo hakuna mzungumzaji aliyewahi kuzihitaji ili aeleweke. Nisizitaje leo, wenzangu wanazijua.

Mfumo wa tatu ni ule wa barabara za Interstate, yaani zinazounganisha majimbo, ambazo sheria yake ilitiwa saini na Rais Eisenhower tarehe 29 Juni 1956. Mwaka uliofuata zikapewa nambari. Witiri na shufwa zilibaki na kazi zao za awali, lakini mwelekeo wa kuhesabu ukapinduliwa: nambari ndogo zikaanzia magharibi na kusini. Shabaha ilikuwa kwamba nambari moja isiangukie mara mbili katika eneo lile lile. Kwa hivyo barabara ya 5 hupita California kutoka mpaka wa Mexico hadi Oregon na kuendelea mpaka Kanada, na barabara ya 95 iko mbali kwenye pwani ya Atlantiki. Barabara ya 10 huanzia Santa Monica ikaishia Florida. Ya 80 huanzia San Francisco ikaelekea New Jersey.

Uzuri wa mfumo huu, kwa mtu wa lugha, uko katika nambari za tarakimu tatu. Hizo zimeundwa kama tunavyounda maneno kwa shina na viambishi. Katika 405 shina ni 5, na ile 4 iliyotangulia ni kiambishi. Kiambishi shufwa huonyesha kwamba barabara inazunguka mji au inaungana tena na barabara kuu. Kiambishi witiri huonyesha kwamba ni tawi linalotoka bila kurudi. Barabara ya 405 inatimiza masharti haya barabara: inatoka kwenye ya 5 huko Irvine, inazunguka upande wa magharibi wa Los Angeles, kisha inairudia ya 5 kaskazini mwa mji. Katika ukoo huo huo wamo 205, 505, 605 na 805. Tena yumo 105, tawi lililofunguliwa mwaka 1993, ambalo linaishia Norwalk hatua chache tu kabla ya kuifikia ya 5. Ni mtoto aliyepewa jina la baba ambaye hajawahi kumwamkia.

Na iko ile maarufu ya 238, karibu na Hayward. Kwa mujibu wa sarufi niliyoieleza, 238 yapaswa kuwa tawi la barabara ya 38. Hakuna Interstate ya 38 popote Marekani. Ilikuwaje? Barabara hiyo iko katika ukoo wa 80, lakini nambari za ukoo huo zilikuwa zimekwisha: 280, 380, 480, 580, 680, 780, 880 na 980 zote zilikuwa na wenyewe, nayo 180 ilikuwa barabara ya jimbo huko Fresno. Katika California nambari moja haipewi barabara mbili zisizohusiana. Kwa kuwa njia hiyo tayari ilikuwa 238 katika orodha ya jimbo, ikaachiwa nambari yake. Wapenda nadhamu hukasirika wakiiona. Mimi naiona kuwa uamuzi wa busara, maana baina ya kanuni inayompendeza mtunga orodha na ile inayomwepusha dereva kupotea, walishika ya pili.

Busara hiyo ilikuwa na mizizi katika mageuzi ya mwaka 1964, ambayo naona ndiyo kazi bora zaidi ya upangaji lugha iliyowahi kufanywa na watu wasiojua kwamba wanapanga lugha. Kabla ya mwaka huo barabara ya California ingeweza kuwa na nambari moja katika sheria, nyingine kwenye kibao, na pengine nambari mbili au tatu kwenye kibao hicho hicho. Baina ya Beaumont na Indio, kwa mfano, lami moja ilibeba 60, 70 na 99. Tarehe 1 Julai 1964 utaratibu mpya ulianza kutumika: nambari ya sheria na nambari ya kibao ziwe kitu kimoja, na kadiri iwezekanavyo kila barabara iwe na nambari moja. Baina ya Beaumont na Indio ikabaki 10 peke yake. Nambari nyingi kongwe zikafutwa au kufupishwa.

Wako wanaolia hadi leo kwamba mageuzi hayo yalifuta kumbukumbu. Mfano wanaoutoa kila mara ni barabara ya 66, iliyotoka Chicago hadi Santa Monica, ikaimbwa katika wimbo wa Bobby Troup wa mwaka 1946, na hatimaye ikaondolewa rasmi katika orodha ya taifa mwaka 1985. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Kumbukumbu ya 66 haikufa; vibao vya kihistoria vimesimikwa kando ya njia ya zamani, na watalii huipita kwa makusudi. Kilichoondoka ni kazi yake ya kuelekeza, ambayo ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na barabara pana zaidi. Wala si kweli kwamba nambari haiwezi kubeba historia. Barabara ya 49 ya California hupita katika vilima vya dhahabu, kupitia Sonora, Placerville na Coloma ambako dhahabu ilionekana Januari 1848, na nambari yake huwakumbusha watu wale waliomiminika mwaka 1849 na kuitwa kwa mwaka huo. Tarakimu mbili tu, na mwalimu wa historia ana somo zima.

Hayo yote ni ya watungaji. Sasa tuwageukie wasemaji.

Mkazi wa Los Angeles akikuelekeza kwa Kiingereza atakuambia uchukue "the 101". Mkazi wa San Francisco, akiitaja barabara ile ile, atakuambia uchukue "101", bila kile kineno "the". Watu wa pande hizi mbili hutambuana kwa neno hilo dogo kama Mmvita na Muunguja wanavyotambuana kwa matamshi. Hakuna mwalimu aliyelifundisha, hakuna sheria inayolitaja. Lilitoka wapi?

Maelezo yanayokubalika, ambayo Grant Geyer aliyaandikia katika jarida la American Speech mwaka 2001, ni ya kihistoria. Los Angeles ilianza mapema kujenga zile barabara pana zisizo na taa wala makutano ambazo Wamarekani huziita freeway. Ya kwanza, iendayo Pasadena kupitia Arroyo Seco, ilifunguliwa tarehe 30 Desemba 1940. Kwa kuwa nambari wakati huo zilikuwa vurugu, watu walizitaja kwa majina: Hollywood Freeway, Santa Ana Freeway, San Bernardino Freeway. Kiingereza hudai "the" mbele ya majina ya aina hiyo. Mageuzi ya 1964 yalipoipa kila barabara nambari moja inayoeleweka, nambari zikaanza kuyasukuma majina pembeni. Jina likaondoka, "the" ikabaki, imeiganda nambari ambayo kisarufi haikuihitaji.

Mwalimu wa Kiswahili asilione jambo hili kuwa geni. Tazama neno "kiziwi". Umbo lake ni la ngeli ya KI-VI, na wingi wake ni "viziwi", lakini hatusemi "kiziwi kimefika" ila kwa kumdunisha mtu. Twasema "kiziwi amefika". Upatanisho umehamia ngeli ya watu, ilhali kiambishi cha zamani kimebaki pale pale kama vumbi la safari. Lugha haifuti nyayo zake, na aghalabu anayetaka kujua ilikotoka hana budi kuangalia zile chembe ndogo ambazo msemaji mwenyewe hazitambui.

Kwa nini basi majina yalishindwa na nambari? Jibu si kwamba Waamerika wanapenda hesabu kuliko sisi. Majina yenyewe yalikuwa na kasoro. Santa Ana Freeway ni jina zuri kwa anayetoka Los Angeles kwenda Santa Ana. Kwa aliye Santa Ana tayari, ni barabara ya kuondokea Santa Ana. Jina la Ventura Freeway lilienea juu ya sehemu ya 101 na pia juu ya 134. Barabara ya 10 ni Santa Monica Freeway upande mmoja wa mji na San Bernardino Freeway upande wa pili. Jina moja barabara mbili, barabara moja majina mawili. Mwenyeji angeyamudu, maana amezaliwa humo; mgeni angeumia. Katika mji uliokuwa ukipokea wageni kila siku, nambari ikapata wasemaji.

Nambari nazo si malaika. Kando ya ghuba, pale Berkeley, kuna kipande cha lami ambacho ni barabara ya 80 na ya 580 kwa wakati mmoja. Dereva anayekwenda kaskazini, jua la asubuhi likimpiga bega la kulia, husoma vibaoni kwamba yuko kwenye 80 mashariki na kwenye 580 magharibi. Vibao vyote viwili ni sahihi kwa mujibu wa kanuni, kwa kuwa kanuni hutazama mwelekeo wa barabara nzima na haijali kipande ulichopo. Wenyeji wamelizoea jambo hilo. Nataka tu isidhaniwe kwamba mfumo wenye mantiki hauwezi kusema upuuzi.

Lipo pia suala la heshima. Wabunge wa California, kama wabunge wa kila mahali, hupenda kuzipa barabara majina ya wakubwa. Barabara ya 118 ni Ronald Reagan Freeway. Na hapa liko jambo linalotugusa Wakenya: kipande cha barabara ya 134, baina ya Glendale na Pasadena, kilipewa jina la Barack Obama, na vibao vyake vikasimikwa Desemba 2018. Obama alisoma miaka miwili katika Chuo cha Occidental kilicho karibu na hapo, kwa hivyo jina halikuokotwa tu. Hakuna mtu wa Kogelo atakayelikataa. Hata hivyo watu wa Los Angeles, hata wale waliompigia kura mara mbili, bado wanasema "the 134". Hawakumvunjia heshima mtu. Jina lile limewekwa kwa ajili ya kukumbuka, nao wanatafuta neno la kuwafikisha kazini.

Sisi hapa tuna mazoea kinyume. Mwaka 2016 orodha mpya ya barabara za Kenya ilitolewa, na njia itokayo Mombasa hadi Malaba, iliyokuwa A109 mpaka Nairobi kisha A104 kutoka hapo, ikawa A8 kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni mageuzi ya aina ile ile ya 1964, na naona yalifanywa kwa akili. Lakini waulize walimu kumi katika chumba chenu cha mapumziko A8 ni barabara ipi. Katika usemi wetu njia hiyo ni Mombasa Road, kisha Uhuru Highway, kisha Waiyaki Way, na kadhalika mpaka mpakani. Kila kipande na jina lake, na kila jina lamtaka mgeni awe mwenyeji kwanza ndipo aelewe.

Usiniambie kwamba Mkenya hapendi nambari. Mpeleke mtoto wa darasa la tatu wa Nairobi kwenye kituo cha matatu umuulize 111 huenda wapi. Atakujibu Ngong kabla hujamaliza swali. Atakuambia 58 ni Buruburu na 46 ni Kawangware. Nambari hizo hazikupitia mtihani wowote wala hakuna kitabu cha kiada kinachozifundisha. Zimekaririwa kwa sababu asiyezijua hulala njiani. Maneno yetu ya kitaaluma yamepata ajali kama ya A8: tumewatungia watu "ngamizi", tukawatungia "tarakilishi", na mpaka leo anayetaka kuitengeneza hutafuta fundi wa kompyuta. Kosa si la mtungaji peke yake, kwa kuwa "tarakilishi" ni neno lililoundwa kwa ustadi. Tatizo ni kwamba lilipelekwa kwenye karatasi za mtihani na halikupelekwa kwenye kibao cha duka.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba nawatangaza wasemaji kuwa washindi wa daima, na kwamba sheria ni kelele tu. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo. Nambari ya barabara ina uwezo mmoja ambao maneno mengi hayana: inaweza kuandikwa katika sheria kabla ya kitu chenyewe kuwako, na ikishaandikwa ikawatawala watu.

Iangalie 710. Barabara hii hutoka Long Beach ikipanda kaskazini. Imewahi kuitwa 15, ikawa 7 mwaka 1964, kisha 710 katika miaka ya 1980. Ilikusudiwa ifike Pasadena, lakini ilikoma mpakani mwa Alhambra, ikabaki pengo la kilomita saba hivi. Kwenye ramani za mipango pengo hilo lilikuwa limekwisha kujazwa kwa mstari. Jimbo likanunua mamia ya nyumba zilizokuwa juu ya mstari huo, katika Pasadena, South Pasadena na mtaa wa El Sereno, likisubiri siku ya kuzibomoa. Upande wa Pasadena nyumba zilibomolewa kweli na handaki la wazi likachimbwa, na familia zilizokuwa hapo, nyingi zikiwa za watu weusi na za wahamiaji, zikatawanyika. Watu wa South Pasadena wakaenda mahakamani, na mwaka 1973 ujenzi ukasimamishwa kwa amri.

Wangapi walizaliwa na kukua katika nyumba za kupanga ambazo mwenye nyumba ni serikali iliyozinunua ili izivunje? Kwa miongo zaidi ya minne hazikuvunjwa wala hazikurudishwa. Nyingine zilifungwa zikaoza. Mwaka 2018 jimbo lilikubali kwamba barabara haitajengwa, si juu ya ardhi wala kwa kupitisha chini kwa chini. Machi 2020, wakati wa janga la korona, familia zisizo na makao zikaingia katika nyumba tupu za El Sereno na kukataa kutoka. Ndipo wengi waliokuwa wakiitaja 710 kila asubuhi katika taarifa za msongamano wa magari walipong'amua kwamba nambari hiyo ilikuwa na nusu nyingine, nusu ambayo haikuwahi kupitwa na gari.

Kuna na hali iliyo kinyume, ambayo haina machozi lakini inanikera kama mtu wa lugha. Bunge la California huruhusu vipande vya barabara za jimbo vikabidhiwe miji. Barabara ya 2 imekatwa hivyo katika West Hollywood na Beverly Hills, na hata ile ya 1, ya pwani, imekatwa katika Santa Monica. Sheria husema kwamba mji uliokabidhiwa lazima uweke vibao vya kumwelekeza msafiri mahali nambari inapoendelea. Kwa maneno mengine sheria yenyewe yakiri kwamba sasa kuna sentensi isiyo na kitenzi katikati, na kwamba msomaji aruke akatafute kitenzi ng'ambo. Nambari ilipowekwa ilikuwa ahadi kwa mgeni kwamba mtu fulani anawajibika kwa njia hii kutoka mwanzo hadi mwisho. Ahadi hiyo inapokatwa vipande ili kurahisisha vitabu vya hesabu vya serikali, mwenyeji hatambui tofauti yoyote, maana hakuhitaji kibao tangu mwanzo.

Kuhusu lile handaki la Pasadena, mwaka 2022 jimbo liliurudishia mji ardhi hiyo, na wakazi wamekuwa wakijadiliana ijengwe nini na nani miongoni mwa waliofukuzwa, au wajukuu wao, wapewe nafasi ya kurudi. Katika mijadala hiyo wanahitaji namna ya kukitaja kipande hicho ambacho hakina tena nambari wala barabara. Bado wanakiita 710.